Masharti ya hali ya hewa kwa kurusha roketi

Masharti ya hali ya hewa kwa kurusha roketi ni kanuni zinazotumika kuamua kama roketi inaweza kuondoka kwa usalama kwa wakati uliopangwa. Zinahusu hasa radi, mawingu, upepo na halijoto. Sharti moja lisipotimia, safari huahirishwa hata kama roketi yenyewe haina kasoro.

Nchini Marekani roketi nyingi hurushwa kutoka Cape Canaveral na Kituo cha Anga cha Kennedy, jimboni Florida. Zikielekea mashariki hupita juu ya bahari, mbali na makazi ya watu. Hata hivyo Florida ni kati ya majimbo yenye radi nyingi zaidi nchini humo, hasa alasiri za miezi ya joto.

Radi

Hatari haiko kwenye radi inayoonekana tu. Roketi yenyewe inaweza kusababisha radi: mwili wake wa metali pamoja na gesi ya moto inayotoka nyuma hupitisha umeme, kama waya mrefu uliopenyezwa ndani ya wingu lenye chaji. Hivyo wingu lililotulia linaweza kupiga radi roketi inapopita.

Apollo 12 ilirushwa tarehe 14 Novemba 1969 wakati wa mvua. Ilipigwa na radi mara mbili katika dakika ya kwanza. Umeme mwingi wa chombo cha wanaanga ulikatika na taa nyingi za tahadhari zikawaka. Kompyuta iliyoiongoza roketi ya Saturn V ilikuwa sehemu nyingine, nayo haikudhurika. Mhandisi John Aaron, aliyekuwa Houston, alitambua swichi ambayo ingerudisha taarifa zilizopotea, na mwanaanga Alan Bean akaigeuza. Siku 5 baadaye Bean na Pete Conrad walitua mwezini.

Roketi ya Atlas-Centaur iliyorushwa tarehe 26 Machi 1987 haikuokoka. Radi iliharibu data katika kumbukumbu ya kompyuta yake, roketi ikageuka ghafla na kuvunjika pamoja na satelaiti iliyobeba. Hakukuwa na mtu ndani. Baada ya hapo kanuni zilikazwa. Siku hizi vipimo vya umeme wa hewani huzunguka eneo la kurushia, na radi ikionekana ndani ya takriban km 18 kutoka hapo au kutoka njia ya roketi, kwa kawaida husubiriwa dakika 30.

Upepo

Upepo wa chini unaweza kuisukuma roketi kwenye mnara wake. Ule wa juu hupimwa kwa maputo, kwa kuwa ukibadilika ghafla kadiri roketi inavyopanda huweza kuipinda.

Baridi

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 barafu iliganda kwenye mnara wa chombo cha anga Challenger. Wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi zake za pembeni, walishauri kisirushwe chini ya 12 °C, kwa sababu pete za mpira zinazoziba maungio hukakamaa kwa baridi. Wakuu wao waligeuza ushauri huo, na NASA ikaendelea. Halijoto ilikuwa takriban 2 °C. Chombo kilivunjika baada ya sekunde 73 na watu wote 7 walikufa. Kati yao alikuwa Christa McAuliffe, mwalimu wa sekondari, ambaye wanafunzi wa shule yake walikuwa wakitazama kwenye televisheni. Ikumbukwe kwamba baridi hiyo haikumshtukiza mtu. Ilikuwa imetabiriwa na kujadiliwa usiku uleule. Katika uchunguzi uliofuata mwanafizikia Richard Feynman alitumbukiza kipande cha mpira huo katika maji ya barafu mbele ya watu, akaonyesha kwamba kinachelewa kurudi katika umbo lake.

Kuahirisha

Kusubiri wingu lipite hakuwezekani kila mara. Roketi inayokwenda Kituo cha Anga cha Kimataifa huondoka wakati njia ya kituo hicho inapopita karibu na mahali pa kurushia, na nafasi hiyo huwa fupi mno. Tarehe 27 Mei 2020 Bob Behnken na Doug Hurley walikuwa wameshafungwa mikanda ndani ya chombo cha kampuni ya SpaceX safari ilipositishwa kwa hofu ya radi, zikiwa zimebaki dakika 17 hivi. Waliondoka tarehe 30 Mei.