Muhogo wa Amani na Deni la Elimu

Chuo kikuu cha umma kina kazi tatu: kufundisha, kuchunguza, na kuwahudumia watu. Kazi hizi ni mfano wa mafiga. Likiondolewa moja, chungu hakikai. Ukweli huu unaonekana vyema katika historia ya Amani, mahali palipo katika milima ya Usambara ya Mashariki, nyuma ya mji wa Tanga.

Mwaka 1902 Wadachi walianzisha Amani kituo cha kuchunguza mimea na kilimo. Shabaha yao kubwa ilikuwa mazao ya kuuzwa ng'ambo, kama kahawa, mpira na mkonge. Lakini mtu wa pwani aliishi kwa muhogo: aliutafuna, aliuanika ukawa makopa, aliusonga ukawa bada, na majani yake aliyatwanga yakawa kisamvu. Na muhogo huo ulikuwa mgonjwa. Tangu mwaka 1894 mjuzi wa mimea Otto Warburg alikwisha kuandika habari za maradhi yaliyouharibu katika nchi hii. Maradhi hayo ni batobato. Jani huingia mabaka ya manjano na kujikunja, na mzizi hukonda. Nzi weupe huyachukua kutoka shina hata shina, na mkulima mwenyewe huyarithisha bila kujua apandapo vipande vya shina lenye ugonjwa.

Baada ya vita vya 1914–1918 Amani iliangukia mikononi mwa Waingereza. Katika miaka ya 1930 H. H. Storey na R. F. W. Nichols waliutafutia muhogo dawa, na dawa yenyewe ilikuwa ndoa. Waliuoza muhogo kwa jamaa yake, mti wa mpira ulioletwa kutoka Brazili, ambao majani yake watu wa pwani huyajua kwa jina la kisamvu cha mpira. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watoto wa ndoa hiyo walistahimili ugonjwa, lakini mizizi yao haikufaa chunguni. Ikalazimu kuwarudisha kwa muhogo kizazi baada ya kizazi, mpaka afya na chakula vikakutana katika shina moja. D. L. Jennings aliendeleza kazi hiyo hata miaka ya 1950.

Katika miaka hiyo mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria. Huko Ibadan lilichaguliwa shina lililopewa namba 58308, na katika miaka ya 1970 likawa mzazi wa mihogo mingi iliyoenea Afrika. Batobato kali ilipoangamiza mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, mihogo ya nasaba hiyo ilikuwa miongoni mwa ile iliyowarudishia watu chakula. Damu ya Usambara ilirudi Afrika ya Mashariki kwa njia ya Ibadan.

Kwa nini safari ikawa ndefu hivyo? Figa la uchunguzi lilisimama imara Amani, lakini la mafundisho halikuwapo. Kituo hakikuwa na wanafunzi wa nchi ambao wangeirithi kazi wakubwa wake walipoondoka. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba 1961, kilianza na wanafunzi 13 wa sheria. Elimu ya juu ya kilimo ilikuja baadaye Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilizaliwa mwaka 1984. Amani yenyewe ilikuwa imekwisha kugeukia uchunguzi wa malaria.

Haifai kuwadharau waliofanya kazi ile. Faida yake imeliwa na mamilioni. Lakini uchunguzi usio na wanafunzi hutegemea umri wa mchunguzi, na uchunguzi usiofika shambani hubaki mali ya kabati. Chuo cha umma huishi kwa kodi ya mkulima. Deni lake kwa mkulima wa Muheza na Pangani halilipwi kwa kitabu peke yake: hulipwa kwa mwanawe aliyefundishwa, na kwa kipande cha muhogo kizima mkononi mwake.