Mzigo wa Punda Ugogoni

Chang'ombe ya Dodoma ina jina lenye sauti ya ng'ombe, na ng'ombe ndiye aliyesifiwa siku zote katika nchi ya Wagogo: mahari kwa ng'ombe, heshima kwa ng'ombe. Punda hakupata sifa hiyo. Hata hivyo, atakaye kupima utu katika uwanda huo wa kati na atazame ni nani aliyebebeshwa mzigo.

Kabla ya reli, aliyebebeshwa alikuwa mtu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, ikilipa hongo kwa watemi ili ipate njia na maji. Mpagazi alichukua yapata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mtumwa aliongezewa minyororo. Mwaka 1910 reli ilifika Dodoma, na ingedhaniwa kwamba mabega yamepumzika. Hasha! Katika vita vilivyoanza mwaka 1914, Wajerumani, na baadaye Waingereza, waliwatwaa wanaume wawe wapagazi na ng'ombe wawe kitoweo cha majeshi, hata ikaja Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, iliyoua watu wengi mno. Mtu na mnyama walihesabiwa pamoja, kama vyombo.

Wala reli haikufika kisimani. Huko mzigo ulibaki kichwani mwa mwanamke, na mara nyingi aliyemtua alikuwa punda.

Ndipo ikaja biashara ya ngozi. Uchina huchemsha ngozi ya punda ipate gundi iitwayo ejiao, itumikayo kama dawa. Kichinjio cha punda kikafunguliwa Dodoma. Wezi wakaingia mazizini usiku, na mama aliyeibiwa punda akarudishiwa dumu kichwani. Wapo wasemao kwamba haki za wanyama ni anasa ya walioshiba. Yafaa wamwulize mama huyo.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ilikuwa imekwisha kukataza ukatili, lakini uchinjaji huo ulipigwa marufuku mwaka 2022 tu, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika, huko Addis Ababa, wakakubaliana kuuzuia barani kote. Hoja iliyosikika zaidi ilikuwa ya idadi: punda watakwisha. Maumivu yake mwenyewe hayakutajwa sana. Marufuku yamemwepusha na kisu. Fimbo ingalipo, na vidonda vya mgongoni vingali vibichi afungwapo madumu alfajiri.