Udongo wa Kirolirwe na Hakimu Aliye Mbali

Leo tuzungumze juu ya shauri la shamba, maana hapa Masisi na Walikale damu nyingi imemwagika kwa ajili ya maneno ya udongo yaliyokosa mwamuzi.

Tuseme wewe ni mtu wa Kirolirwe, katika nchi ya Bashali. Ulikimbia vita. Unaporudi, unakuta mwingine amepanda maharagwe katika shamba lako. Au tajiri wa mjini amefika na hati, anasema kilima kizima ni chake, mahali pa ng'ombe wake. Utamwendea nani? Ili tulijibu swali hili, kwanza tukumbuke tulikotoka.

Zamani mwami aligawa udongo, nawe ukampa ada yake. Mwaka 1885 serikali ya mfalme Leopold II ikatoa amri kwamba udongo usio na watu ni mali ya Leta. Lakini shamba lililopumzishwa na kilima cha malisho vilikuwa na wenyewe, ingawa havikuwa na nyumba juu yake. Mwaka 1926 Wabelgiji wakatoa dekreti ya kusimamia tribinali za wenyeji, chini ya machefu. Tangu hapo kukawa na njia mbili: mwenye kampuni alikuwa na hati, mwanakijiji alikuwa na neno la mwami.

Kati ya mwaka 1937 na 1955 Wabelgiji wakaleta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, wakawapa makao katika Masisi. Gishari ikapewa chefu wake, kisha utawala huo ukafutwa mwaka 1957. Watu walibaki na mashamba yao, lakini mamlaka yaliyowapa hayakuwapo tena. Wahunde wengi nao walilalamika kwamba udongo wa babu zao uligawiwa na wageni. Kila upande ulikuwa na shauri lake, na shauri halikukatwa.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 ilisema tribinali za amani zichukue nafasi ya tribinali za machefu. Neno zuri, lakini kujengwa kwake kulikwenda polepole sana, hata tribinali za desturi zikaachwa ziendelee kwa kungojea hakimu.

Ndipo ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Udongo wote ukawa wa Leta. Juu ya mashamba ya wanakijiji, sheria ilisema Rais atatoa amri ya kueleza haki zao. Miaka zaidi ya 40 ilipita bila amri hiyo. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Mobutu akatangaza kwamba mali za wageni zipewe Wazairwa. Mashamba makubwa ya Masisi yakaangukia watu walio karibu na utawala, na mwanakijiji akafanya salongo, yaani kazi bila mshahara, ili aruhusiwe kulima kipande.

Sikilizeni vizuri neno hili. Sheria hiyo inasema mwenye hati ya konsesio anaweza kushitakiwa aipoteze hati yake kabla ya miaka 2 kupita. Baada ya hapo, wewe unaweza kudai malipo tu, shamba halirudi. Mimi nilisoma jambo hili chuoni, nikaona ni maneno ya karatasi. Lakini huku kwetu vita vinapita miaka 2. Mtu anaporudi kutoka kambini, siku zake zimekwisha.

Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakafika Masisi. Maelfu walikufa. Mwaka 1998 wazee wa jamii zetu mbalimbali waliunda Barza la Goma, wakasuluhisha magomvi mengi ya udongo, lakini siasa ikawagawanya, na kufika mwaka 2005 Barza likavunjika. Mwaka 2007 na 2008 CNDP ilitawala Kirolirwe. Mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 yakaahidi kamati za mapatanisho vijijini. Januari 2023 M23 ikachukua Kitchanga, jirani yenu. Mwenye bunduki akija, anakata mashauri. Akiondoka, hukumu yake inaondoka naye, na kisasi kinabaki.

Basi tufanye nini? Kwanza, mkipatana katika barza, msiishie kwa maneno. Tembeeni mipaka pamoja, mbele ya majirani wa kila lugha, wanawake wakiwamo, maana mjane ndiye anayenyang'anywa wa kwanza. Andikeni, wekeni vidole, kila upande uchukue nakala yake. Ukikimbia, kimbia na karatasi hiyo.

Pili, ukiona watu wanapima udongo wa kijiji, usingoje. Kabla ya kutoa udongo wa kijijini, sheria inataka uchunguzi ufanywe na wakaaji wasikilizwe. Andikeni upinzani wenu mapema, mhesabu ile miaka 2.

Tatu, barza linapatanisha. Halihukumu mauaji wala kunajisi. Sheria ya mwaka 2006 imeweka adhabu kali kwa kunajisi. Mbuzi aliyepewa baba hamponyi binti.

Na ninyi wenye madaraka, pelekeni hakimu kwa watu, hata kama ni kwa kusafiri kutoka soko moja hadi jingine. Mtu aliyesikilizwa akashindwa anarudi nyumbani na hasira. Asiyesikilizwa kabisa anatafuta bunduki.