Kupimwa njia leba: Je, ni lazima kila saa?

Njombe. Kama umewahi kujifungulia hospitali, unaijua kauli hii: "Panda kitandani tukupime njia." Nesi anavaa glovu, anaingiza vidole viwili, anataja sentimita. Zamu ikibadilika anakuja mwingine, naye anapima tena. Vyote hivyo vina kazi?

Jibu fupi ni kwamba kupimwa kuna kazi, kupimwa ovyo hakuna.

Tangu 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mama asiye na tatizo apimwe kila baada ya saa nne, uchungu ukishakolea, yaani njia ikifika sentimita 5. Katikati ya hapo lazima kuwe na sababu, mfano mapigo ya moyo wa mtoto yamebadilika au mama anasikia kusukuma. Mengine hayahitaji vidole kabisa: mkunga anahesabu uchungu ndani ya dakika 10, anashika tumbo kujua kichwa kimeshuka kiasi gani, anasikiliza mapigo ya mtoto.

Kwa nini kubana hivyo? Kila mkono unaoingia unaweza kupandisha vijidudu, hasa chupa ikishapasuka. Na hapa Njombe, ambako utafiti wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU ni asilimia 12.7, ya juu kuliko mikoa yote, jambo hili ni zito zaidi. Kwa mama anayeishi na VVU, wakunga huelekezwa kupunguza vipimo hivi na kutopasua chupa bila sababu, ili kumkinga mtoto.

Mama anayetoka damu nyingi kabla ya kujifungua hapimwi kwa vidole mpaka ijulikane kondo la nyuma limekaa wapi. Likiwa limeziba njia, kidole kinaweza kuongeza damu hadi kumuua.

Lakini usikatae tu kwa sababu inauma (na kweli inauma). Mwaka 1972, madaktari Philpott na Castle, katika jiji linaloitwa leo Harare, walichora kwenye patografu mistari miwili iliyopishana saa nne. Mstari wa kwanza ukivukwa, mkunga wa kliniki ya mbali ajue ni wakati wa kumhamishia mama hospitali kubwa, na saa nne hizo zilikuwa za safari. Kwa mama wa vijiji vya Mchuchuma, Ludewa, anayehitaji upasuaji, hesabu ni ileile: barabara ya milima, na mvua juu yake. Uchungu uliokwama ukigundulika umechelewa, gari nalo litachelewa.

Kilichobadilika ni kasi. Zamani mama alitakiwa afunguke sentimita moja kila saa. Utafiti wa wanawake 5,606 wa Nigeria na Uganda, uliochapishwa 2018, ulionyesha wengi hufunguka polepole zaidi na kujifungua salama. WHO ikaiacha kanuni hiyo. Kwa hiyo kuambiwa "bado uko palepale" kwenye sentimita 5 si lazima iwe tatizo, ilimradi mtoto yuko vizuri.

Una haki ya kuuliza: "Nilipimwa mara ya mwisho saa ngapi, na sasa mnatafuta nini?" Jibu linapaswa kuwa kwenye patografu yako. Wanafunzi wakitaka kurudia kipimo kwa ajili ya kujifunza, waombe kwanza, na unaweza kusema hapana. Ila ukisikia kusukuma kabla ya saa nne kuisha, muite nesi hapohapo.