Programu huria za kusimamia miradi: Namna ya kuyashawishi mashirika makubwa

PROGRAMU ya kusimamia miradi ni chombo cha tarakilishi kinachoonyesha kazi zote za mradi, aliyekabidhiwa kila kazi, tarehe ya kuikamilisha na fedha zilizotumika. Nyingi huuzwa kwa leseni, na mnunuzi hutozwa kulingana na idadi ya watumiaji. Programu huwa huria pale msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na waundaji, unapowekwa wazi ili yeyote aweze kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuusambaza. Msingi wa fikra hiyo uliwekwa mwaka 1983, Richard Stallman wa Marekani alipotangaza mradi wa GNU.

Miongoni mwa programu huria zinazojulikana katika nyanja hii ni Redmine, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2006. ProjectLibre, ambayo husoma faili za Microsoft Project. Na OpenProject ya Ujerumani.

Kwa nini wakuu husita

Mashirika makubwa hayakatai programu hizi kwa ujinga. Mkurugenzi huuliza ni nani atakayewajibika mitambo ikikwama. Afisa wa ununuzi hajui namna ya kutangaza zabuni ya kitu kisicho na bei. Wafanyakazi nao wamezoea chombo walicho nacho na hawataki kujifunza upya. Anayetaka kuwashawishi sharti ajibu kila mmoja kwa hoja yake.

Kosa la kwanza la watetezi wengi ni kutanguliza neno 'bure'. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Leseni huenda isilipiwe, lakini seva, mafunzo, kuhamisha data ya zamani na mishahara ya wataalamu hulipiwa. Aliyeahidi kitu cha bure hupoteza imani ya wakuu pindi ankara ya kwanza inapofika. Lililo bora ni kulinganisha gharama zote za miaka mitano, za upande huu na za upande ule, bila kuficha chochote.

Hoja yenye uzito

Hoja inayogusa wakuu zaidi ni ya mamlaka: nani huamua hatima ya chombo ambacho shirika zima linakitegemea? Mnamo Februari 15, 2024, kampuni ya Atlassian ilikomesha huduma kwa toleo la Jira lililowekwa katika seva za wateja wenyewe na lililojulikana kama Jira Server. Mwaka 2025, Microsoft ilitangaza kwamba Project Online ingefungwa Septemba 30, 2026. Wateja hawakuulizwa, walipewa tarehe tu.

Programu huria pia huweza kuachwa na waundaji wake. ChiliProject, tawi la Redmine lililoanza mwaka 2011, lilikoma. Hata hivyo, kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, OpenProject ilijengwa juu yake na ingali hai.

Mfano wa karibuni ni Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, iliyoko The Hague. Oktoba 2025, miezi kadhaa baada ya Marekani kuanza tena kuwawekea maafisa wake vikwazo, ilifahamika kuwa mahakama hiyo ingehamia openDesk, mkusanyiko wa programu huria unaosimamiwa na shirika la serikali ya Ujerumani. OpenProject ni sehemu ya mkusanyiko huo.

Funzo la Munich

Mtetezi mwaminifu hataficha habari za Munich. Baraza la jiji hilo la Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuachana na Windows na kutumia Linux, na kufikia 2013 takriban tarakilishi 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Meya Christian Ude, aliyeutetea mpango huo, aliondoka mwaka 2014. Mrithi wake hakuupenda, malalamiko ya wafanyakazi yakazidi, na mwaka 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Mpango unaoegemea kiongozi mmoja huanguka naye.

Hatua za kufuata

Kwanza, anza na idara moja na mradi halisi kwa miezi mitatu hadi sita, kisha wakuu waonyeshwe matokeo badala ya ahadi. Mradi wa majaribio usiwe mkubwa kiasi cha kuliumiza shirika ukishindwa, wala mdogo kiasi cha kupuuzwa ukifaulu.

Pili, shirikisha mapema wataalamu wa mitambo. Watauliza kuhusu usalama, nakala za akiba na iwapo mfanyakazi ataingia kwa nywila aliyo nayo tayari.

Tatu, tafuta kampuni ya kutoa huduma za matengenezo kwa mkataba. Huyo ndiye atakayewajibika, na huduma yake ndiyo inayotangaziwa zabuni. Nchini Kenya, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hairuhusu masharti ya zabuni kutaja chapa fulani, ila pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kinachohitajika. Afisa anayetaja kazi itakayofanywa, badala ya jina la bidhaa, huzifungulia mlango programu huria pia.

Nne, onyesha jinsi data inavyoweza kutolewa yote siku shirika litakapobadili nia. Mlango wa kutokea ukiwa wazi, woga wa kuingia hupungua.

Kwa Wakenya, jambo hili si geni. Wizara ya Afya ilieneza DHIS2, programu huria iliyoanzishwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, kote nchini mwaka 2011 kwa ajili ya takwimu za hospitali na zahanati. Ikiwa chombo huria kiliaminiwa kubeba hesabu za wagonjwa wa taifa zima, ni vigumu kudai kwamba hakiwezi kubeba ratiba ya ujenzi wa barabara.