Wimbo Mmoja, Sauti Tatu

Enoch Sontonga alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 huko Afrika Kusini. Mwaka 1923 Solomon Plaatje aliuimba London, ukaingia kwenye santuri kwa mara ya kwanza: sauti yake na piano tu, kama sala ya mtu aliye mbali na kwao.

Tangu uhuru wa mwaka 1961 tuni hiyo ni ya wimbo wetu wa taifa. Mimi niliizoea redioni, ikipigwa na bendi ya matarumbeta, kwa heshima ya gwaride.

Sauti ya tatu haimo katika santuri yoyote. Niliisikia Katumba, mkoani Katavi, kwa wazee waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakapokea vyeti vya uraia mwaka 2014. Waliimba polepole, bila ala. Maneno niliyoyaimba kwa mazoea, wenzangu waliyangojea miaka 42.