Kabla Siri Haijavuja: Historia ya Programu Zinazosoma Programu



Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000. Siyo wateja wa benki hao. Wengi ni watu waliopotezana na familia zao kwa sababu ya vita, uhamaji na majanga, watu kama sisi, walioandikisha majina ili mama ampate mwanawe. Wadukuzi walipitia kasoro ya programu iliyokwisha kujulikana, ila kiraka chake kilikuwa hakijawekwa. Kiraka kisichowekwa hakina dawa nyingine, hilo tuliseme wazi. Lakini kwenye kikundi chetu swali lilibaki: kasoro haziwezi kuonekana mapema, programu ikiwa bado iko kwa mwandishi wake?

Kumbe swali ni la zamani. Mwaka 1976 Dorothy Denning wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alichapisha wazo hili: kila taarifa ipewe daraja la usiri, halafu ifuatiliwe inapita wapi, ya siri isiishie mahali pa wazi. Mwaka uliofuata yeye na mumewe Peter walionyesha kwamba ukaguzi huo unaweza kufanywa kwa kusoma maandishi ya programu tu, kabla haijawashwa. Ni kama fundi anayefuata bomba kwa macho, kutoka tangi hadi koki, kabla ya kufungulia maji.

Mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Labs alitengeneza lint, jina la vile vinyuzi vinavyoganda kwenye nguo. Ilitafuta makosa ya kawaida tu, siyo siri, ila iliwazoesha waandishi kukaguliwa na mashine.

Halafu ikaja Aprili 2014, ilipotangazwa Heartbleed. OpenSSL ni programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi sana duniani. Kompyuta moja huiuliza nyingine: bado upo? Nirudishie neno hili, lina herufi 4. Sasa mjanja anatuma neno dogo, anadai lina herufi elfu sitini na kitu. Seva haihesabu! Inarudisha neno lile pamoja na chochote kilichokaa jirani kwenye kumbukumbu yake: nywila, funguo, majina. Idara ya kodi ya Kanada peke yake ilipoteza namba za utambulisho za watu wapatao 900. Na mlango huo ulikuwa wazi tangu toleo la Machi 2012.

Kinachotushangaza sisi ni kwamba wakaguzi wa mashine walikuwepo. Chombo kiitwacho Coverity kilikuwa kikiikagua OpenSSL, lakini hakikuona kitu, maana hakuna aliyekiambia kwamba ile namba imetoka kwa mgeni. Baadaye wataalamu wake wakakifundisha kuishuku namba ya aina hiyo mpaka ipimwe. Kasoro ikaonekana.

Hata bila mdukuzi siri humwagika. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake zaidi ya milioni 330 wabadilishe nywila, kwa sababu programu yake yenyewe ilikuwa inaziandika wazi kwenye daftari lake la ndani la matukio. Njia fupi kama hiyo, kutoka nywila hadi daftari, ndiyo hasa mashine inaweza kuikamata, ikiwa imeonyeshwa nywila ni ipi.

Hapo ndipo sisi tunaingia. Orodha zilizo tayari kwenye vyombo hivi zinajua nywila, funguo na namba za kadi ya benki. Hazijui kijiji tulikotoka. Ile nafasi ya "maelezo mengine" kwenye fomu, ambamo afisa anaandika kwamba fulani anatafutwa na nani, kwa mashine ni maneno tu kama salamu. Mnaotengeneza programu za kuandikisha watu, tuulizeni kabla ya kuweka alama.

Sisi tumeanza orodha yetu: kijiji cha asili, kabila, jina la baba, kazi aliyofanya nyumbani, namba ya kesi, mahali anapolala. Kuhusu lugha ya nyumbani bado tunabishana. Wengine wanasema lugha haina siri, kila mtu anaisikia. Wengine wanajibu kwamba kule tulikotoka, lugha tu ilitosha.